Nguvu Anayoweza Kuitarajia Mtu Anayeanza Kunyanyua Vyuma

Swali ambalo vijana huniuliza mara nyingi zaidi katika jimu yetu ya Kisenyi, hapa Kampala, halihusu chakula wala umbo la kifua, bali linahusu kilo. Kijana akishamaliza wiki mbili au tatu za mazoezi, huja akasimama kando ya benchi, akangoja nimalize raundi yangu, kisha akauliza: "Kocha, mimi nina kilo sitini na tano, natakiwa niwe nabeba ngapi?" Naliheshimu sana swali hilo, kwa sababu anayeliuliza anataka kujua kama jasho lake linakwenda mahali. Tatizo ni kwamba majibu anayoyapata kwingine, hasa kwenye video za simu, ama humvunja moyo akaacha mazoezi, ama humsukuma abebe chuma ambacho mabega yake hayajawa tayari kukipokea. Nimewaona wa aina zote mbili, na ndiyo sababu leo naandika kwa urefu kuhusu nguvu ambayo mtu anayeanza kutunisha misuli anaweza kuitarajia kwa haki, kuanzia wiki za mwanzo hadi mwisho wa mwaka wa kwanza.

Kabla ya kutaja kiwango chochote, ni lazima tukubaliane kilo yenyewe ni ipi. Vyuma vingi katika jimu za mitaani mwetu hutengenezwa na mafundi wa kuchomelea, na mtaa wa Katwe ndiko kwenye mafundi wengi na wenye mikono mizuri. Fundi hukata pleti za duara kutoka kwenye chuma kinene, hutoboa tundu katikati, hupaka rangi nyeusi, kisha huandika 10 au 20 kwa rangi nyeupe, na mara nyingi namba hiyo ni makadirio tu. Rodi nayo huweza kuwa bomba zito au nondo nene iliyonyooshwa. Siku moja tuliamua kumaliza ubishi. Kisenyi ina mashine nyingi za kusaga mahindi, na kila mashine ina mizani ya kupimia magunia; tukabeba pleti zetu zote hadi kwa jirani anayesaga unga, tukazipima moja baada ya nyingine huku mmoja wetu akiandika kwa chaki. Pleti iliyoandikwa 20 ilikuwa na kilo 17 na nusu. Mwenzake, iliyoandikwa vilevile, ilikuwa na kilo 19. Rodi, ambayo kila mtu alikuwa akiihesabu kuwa kilo 20 kama ile ya mashindano ya Olimpiki ya wanaume, ilikuwa na kilo 11.

Palikuwa na kijana miongoni mwetu aliyejulikana kuwa amefikisha kilo 100 kwenye benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani. Tulipojumlisha rodi na pleti zake nne, mzigo ule ulikuwa kilo 84. Aliumia moyoni, na nilimwelewa, lakini nguvu yake haikuwa imepungua hata chembe, kwani kifua kilichonyanyua mzigo ule jana ndicho kilichokuwapo leo. Tena kilo 84 ni kazi kubwa kwa mtu wa uzito wake. Faida iliyopatikana siku ile ilizidi hiyo ya hesabu, kwa sababu tuligundua pia kwamba upande mmoja wa rodi ulikuwa ukibeba kilo moja na nusu zaidi ya upande wa pili, na kwamba yule kijana alikuwa akilalamikia bega lake la kulia kwa muda mrefu. Siwezi kuapa kwamba pleti ndizo zilizolileta tatizo lile, ila tangu tulipoandika uzito wa kweli juu ya kila pleti na kuzipanga mbilimbili kwa uzito unaolingana, hakuna anayenyanyua chuma kilichoinama upande. Nawashauri wote mnaofanya mazoezi kwa vyuma vya fundi mfanye hivyo hivyo kabla ya kujilinganisha na mtu yeyote. Mizani ya unga haikosekani mtaani.

Kuna mtego mwingine wa vipimo. Pleti za mitumba zinazotoka ng'ambo, hasa Marekani, mara nyingi zimeandikwa kwa ratili, ambayo wengi tunaiita paundi, na si kwa kilo. Pleti iliyoandikwa 45 ina kilo 20 na kidogo. Vivyo hivyo, Mmarekani anayejirekodi akisema amebeba 225 kwenye benchi amebeba kilo 102, na anayesema 315 amebeba kilo 143. Nimekutana na vijana waliokata tamaa kabisa kwa kudhani kwamba mtu wa kawaida kule hubeba kilo 225 baada ya miezi sita. Mzigo wa kilo 225 kwenye benchi ni wa watu wachache sana waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na hauwezi kuwa kipimo cha mtu ambaye bado anajifunza kuweka miguu yake sawasawa sakafuni.

Baada ya mizani unakuja ukweli wa mwendo. Kilo 60 zilizoshuka hadi zikagusa kifua kwa utulivu, zikasukumwa hadi mikono ikanyooka, si sawa na kilo 60 zilizoshushwa nusu ya njia au zilizodundishwa kifuani ili zipate kupanda. Katika skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, nyonga inapaswa kushuka walau hadi usawa wa magoti. Anayeinama kidogo tu na kurudi juu anaweza kuongeza kilo 40 bila kuwa na nguvu zaidi ya jirani yake anayeshuka hadi chini. Katika dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi mtu asimame wima, mgongo unapaswa kubaki umenyooka tangu mwanzo. Viwango nitakavyovitaja hapa chini vinahusu mwendo kamili. Mwenye kufanya nusu asivitumie, maana vitamdanganya.

Sasa tuje kwenye wiki za kwanza, ambazo naziona kuwa ndizo zisizoeleweka kabisa. Mtu anaanza benchi kwa kilo 30, na kabla ya miezi miwili kwisha anabeba 45. Anakwenda kujitazama kwenye kioo, na mikono ni ileile. Wengine hufikiri kwamba kuna kitu hakiendi sawa mwilini mwao, ilhali hicho ndicho kinachotarajiwa. Watafiti Moritani na deVries walichapisha mwaka 1979 kazi iliyoonyesha kwamba nguvu inayoongezeka katika wiki tatu hadi tano za mwanzo hutokana zaidi na mfumo wa neva, na kwamba ukuaji wa msuli wenyewe hushika nafasi yake polepole baadaye. Kwa maneno mengine, ubongo unajifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja, kuzipangia kazi kwa mpangilio mzuri, na kuilegeza misuli ya upande wa pili isipinge mwendo. Ndiyo maana anayeanza hutetemeka sana chini ya chuma chepesi katika siku za mwanzo, kisha mtetemeko huo hutoweka kabla hata fulana haijaanza kumbana.

Jambo hili lina matokeo mawili ambayo huwa nayarudia kwa kila anayeanza. La kwanza ni kwamba kioo si shahidi wa miezi miwili ya kwanza, na mtu asikitumie kuamua kama aendelee au aache. La pili, ambalo vijana hawapendi kulisikia, ni kwamba kasi ile ya mwanzo haitadumu. Mtu akiongeza kilo 2 na nusu kila wiki kwa mwaka mzima, atakuwa ameongeza kilo 130. Aliyeanza na 30 angemaliza mwaka akiwa na kilo 160 kwenye benchi. Hakuna jimu ninayoijua ambamo jambo hilo ni la kawaida. Kasi hupungua kwa sababu somo la neva hufika mahali likawa limekolea, na kuanzia hapo nguvu mpya inategemea msuli mpya, ambao mwili huujenga taratibu sana. Makocha wengi hukadiria kwamba mwanamume anayeanza, akila na kulala vizuri, anaweza kupata kati ya nusu kilo na kilo moja ya msuli kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, na mwanamke karibu nusu ya hiyo.

Kwa hiyo, mwanamume mwenye kilo 70, mwenye afya, ambaye hajawahi kunyanyua vyuma, anaweza kutarajia nini? Siku ya kwanza, kilo 20 hadi 40 kwenye benchi zinamtosha kabisa, na wala si aibu kuanza na rodi tupu. Akifanya mazoezi mara tatu kwa wiki bila kukatiza, baada ya miezi mitatu hivi ni jambo la kawaida kuwa na kilo 45 hadi 55 kwenye benchi kwa marudio matano, yaani mara tano mfululizo, kilo 60 hadi 75 kwenye skwati, na kilo 75 hadi 95 kwenye dedilifti. Mwishoni mwa mwaka, benchi yake ya marudio machache inaweza kuwa imekaribia uzito wa mwili wake, yaani kilo 60 hadi 70. Skwati imefika mara moja na robo hadi mara moja na nusu ya uzito huo. Na dedilifti imefika mara moja na nusu au zaidi kidogo, yaani kilo 105 hadi 125. Kusukuma chuma juu ya kichwa huwa nyuma ya yote, na mwenye kilo 40 hadi 45 hapo amefanya vyema. Haya ni makadirio ya makocha, niliyoyaona yakitimia kwa watu wengi walioshikilia ratiba. Wapo watakaoyapita na wapo watakaoyafikia katika mwaka wa pili, na wote wawili wanaweza kuwa wanafanya kila kitu kwa usahihi.

Tofauti hizo zina sababu zake. Mtu mwenye mikono mirefu husukuma chuma njia ndefu zaidi kwenye benchi, lakini mikono hiyohiyo humsaidia katika dedilifti, kwa kuwa haimlazimu kuinama sana. Mtu mwepesi wa kilo 55 hufikia mara moja na nusu ya uzito wake kwa urahisi kuliko mtu wa kilo 100, kwa sababu nguvu haiongezeki sambamba na uzito wa mwili. Umri nao una hesabu yake. Halafu kuna historia ya kazi, ambayo katika mji wetu ni jambo kubwa. Amewahi kujiunga nasi mchukuzi wa mizigo wa soko la Owino, mtu aliyezoea kubeba marobota ya nguo kuanzia alfajiri, na siku yake ya kwanza alinyanyua zaidi ya kilo 100 kutoka sakafuni kwa mgongo ulionyooka, bila kufundishwa na mtu. Saa hiyohiyo, kilo 40 zilimshinda kwenye benchi. Watu walishangaa, lakini hapakuwa na la kushangaza: mwili huwa na nguvu katika kile ulichokifanya kwa miaka, na hakuna mzigo wa sokoni unaosukumwa mtu akiwa amelala chali. Anayeanza akitokea ofisini au kwenye kiti cha bodaboda asijilinganishe naye kwenye dedilifti.

Kwa wanawake, ambao sasa wanaongezeka katika jimu za Kampala na ambao huambiwa mambo mengi yasiyo na msingi, kiwango kinachofaa kwa mwenye kilo 60 ni kuanza na rodi nyepesi au dambeli ndogo, kisha kufikia mwisho wa mwaka na kilo 30 hadi 35 kwenye benchi, kilo 55 hadi 65 kwenye skwati, na kilo 70 hadi 80 kwenye dedilifti. Tofauti kati yao na wanaume huonekana zaidi katika mabega na mikono kuliko katika miguu. Hofu ya kuwa na mwili wa kiume kwa sababu ya vyuma haina ukweli, kwani homoni inayosukuma ukuaji huo, testosteroni, iko kwa kiasi kidogo sana katika mwili wa mwanamke.

Kikwazo ambacho hakitajwi sana na wanaoandika kutoka nchi zenye jimu za kisasa ni ukosefu wa pleti ndogo. Kule kuna pleti ya kilo 1 na robo, hivyo mtu huongeza kilo 2 na nusu kwa jumla. Kwetu pleti ndogo kabisa mara nyingi ni ya kilo 5, na kwa kuwa lazima iwekwe kila upande, hatua inayofuata baada ya kilo 40 ni 50, yaani ongezeko la robo nzima. Mtu anayeshindwa kuvuka pengo hilo hudhani amefika mwisho wa uwezo wake. Njia ya kwanza ya kulivuka ni marudio: abaki na 40 hadi atakapoweza kuzinyanyua mara 12 kwa mwendo safi, ndipo ajaribu 50 kwa marudio matano au sita. Njia ya pili ni kumwendea fundi na kumwomba akate vipande vidogo, ambavyo si ghali kwa kuwa hutokana na masalio ya chuma. Njia ya tatu, ambayo sisi tulianza nayo, ni kushona vifuko viwili vya turubai, kuvijaza mchanga hadi vifike kilo moja moja kwenye mizani ya duka, na kuvifunga barabara katika ncha za rodi. Kilo 2 kwa jumla ni hatua ambayo mwili wa anayeanza unaweza kuipokea wiki baada ya wiki kwa muda mrefu.

Hatua ndogo zina sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Misuli hupata nguvu haraka kuliko kano zinazoishikiza kwenye mifupa, kwa kuwa kano zina damu kidogo na hujijenga polepole. Kijana wa miaka 20 aliyepandisha kilo kwa pupa huweza kuwa na kifua kinachoweza kusukuma mzigo ambao kano za bega na za kiwiko bado hazijauzoea. Maumivu ya aina hiyo huanza kidogo mbele ya bega au upande wa kiwiko, hupuuzwa, kisha humsimamisha mtu kwa miezi. Hilo ndilo linalonifanya nikatae katakata maombi ya anayeanza kujaribu uzito wa juu kabisa kwa rudio moja. Hauhitajiki. Ukitaka kuukadiria, chukua kilo ulizonyanyua, zizidishe kwa idadi ya marudio, gawanya kwa 30, kisha ongeza jibu kwenye kilo zilezile. Mtu aliyebeba kilo 50 mara 8 anapata 400, gawanya kwa 30 ni 13 na kidogo, hivyo uwezo wake wa rudio moja ni kama kilo 63. Hesabu hiyo inaaminika zaidi marudio yasipozidi 10, na haimvunji mtu bega. Anayefanya benchi bila mwenzake wa kumsimamia asikaze vifungio vya pleti, ili akishindwa aweze kuuinamisha mzigo udondoke upande.

Niseme pia jambo linalowahusu hasa wanaotaka umbo na si rekodi. Katika mashindano ya Mr Uganda, hakuna anayenyanyua chuma jukwaani. Waamuzi hutazama ukubwa wa misuli, uwiano wake na jinsi inavyojichora. Msuli unaweza kukua kwa mizigo ya viwango tofauti sana, kuanzia ile inayonyanyuliwa mara 5 hadi inayonyanyuliwa mara 30, mradi raundi imefika karibu na mahali ambapo rudio jingine lisingewezekana. Nguvu inabaki kuwa kipimo muhimu, maana anayebeba zaidi kwa mwendo uleule na marudio yaleyale baada ya miezi sita kwa kawaida amejenga msuli, lakini si lazima awe mtu mwenye nguvu kuliko wote katika chumba. Ronnie Coleman, Mmarekani aliyetwaa Mr Olympia, shindano kubwa kuliko yote duniani la kutunisha misuli, mara 8 mfululizo kuanzia 1998, alichuchumaa na ratili 800, kama kilo 363, mara mbili. Video hiyo inatazamwa hadi leo, na vijana wengi huiona kuwa ndiyo njia. Alikuwa mtu wa kipekee, aliyepitia mashindano ya kunyanyua vyuma vizito, na baadaye alifanyiwa upasuaji mwingi wa mgongo na nyonga. Namheshimu sana, na sitaki mwanafunzi wangu yeyote amchukue kuwa kipimo cha mwaka wa kwanza.

Katika hili siwezi kukwepa suala la dawa, kwa kuwa ndilo linaloharibu makadirio ya wengi kimyakimya. Mwaka 1996 mtafiti Bhasin na wenzake walichapisha jaribio la wiki 10 ambalo baadhi ya wanaume walidungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki na wengine hawakupewa dawa. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza kama kilo 2 za uzito usio mafuta. Waliopewa dawa bila kufanya mazoezi yoyote waliongeza kilo 3 na kidogo. Waliopata vyote viwili waliongeza kilo 6. Mtu akiyatafakari matokeo hayo ataelewa kwa nini ni dhuluma kwa kijana anayekula maharage na kulala kwa muda wa saa saba kujipima kwa mwili uliojengwa kwa sindano, wakati mwenye mwili huo hasemi. Dawa hizo zikitumiwa kiholela hupunguza mbegu za uzazi, hufanya korodani zinywee, huvuruga mafuta ya damu na kuulemea moyo. Atakayekuja kukuuzia nyuma ya jimu hatakuwa nawe hospitalini.

Chakula chetu kinatosha kuvifikia viwango nilivyovitaja, na nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wengi hudhani bila unga wa protini wa dukani hakuna linalowezekana. Utafiti mwingi unaonyesha kwamba gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinamfaa anayejenga misuli, na juu ya hapo faida huwa ndogo. Kwa mtu wa kilo 65 hizo ni kama gramu 104. Mayai matatu yanatoa gramu 18. Bakuli kubwa la maharage yaliyopikwa, gramu 25 hivi. Kiganja cha mukene wakavu, yaani dagaa wa ziwani, wenye uzito wa gramu 50, kinatoa kama 25 au zaidi. Nusu lita ya maziwa, 16. Na gramu 50 za karanga, 12. Posho, yaani ugali, na chapati vinamalizia kilichobaki. Kosa ninaloliona mezani kwa vijana wetu ni sinia la matoke na wali lenye kijiko kimoja cha mchuzi, ambalo hujaza tumbo na kumpa mtu nishati, lakini humwacha na protini kidogo mno. Apunguze kidogo upande mmoja na kuongeza upande wa maharage na mukene, na kwa bei ya soko haitamgharimu zaidi.

Kuna vipindi ambavyo nguvu itashuka, na anayeanza anapaswa kuvitarajia pia. Malaria ndiyo ya kwanza. Mtu aliyetoka kuugua hupoteza hamu ya kula, damu yake huweza kuwa imepungua, na kilo alizokuwa akizichezea humlemea. Asirudi siku ileile anayomaliza dozi. Apumzike hadi aweze kupanda ngazi bila kuhema, kisha aanze na nusu ya mizigo yake na kupanda kwa wiki mbili au tatu. Nguvu iliyowahi kujengwa hurudi haraka kuliko ilivyopatikana mara ya kwanza. Wenzetu wanaofunga Ramadhani nao wanaweza kuendelea vizuri, ama muda mfupi kabla ya futari, ama baada ya tarawehe, wakiwa na lengo la kulinda walichonacho. Mwezi ambao mtu hakuongeza hata kilo moja lakini hakupoteza kitu ni mwezi uliofanikiwa kwa hali yake.

Na itakapotokea, mbali na ugonjwa, kwamba namba imesimama pale pale kwa wiki tatu au nne, ambalo humpata kila mtu kabla ya mwaka kwisha, kwanza atazame usingizi wake na sahani yake, kisha daftari lake, ambalo natumaini ameliandika tangu siku ya kwanza kwa tarehe, kilo za kweli na marudio. Vikiwa sawa, apunguze mzigo kwa sehemu moja ya kumi na kuupanda upya kwa hatua ndogo. Aliyekwama kwenye kilo 60 arudi 54, apande 56, 58, kisha 60, wiki moja kwa kila hatua, na katika wiki ya tano ajaribu 62 kwa marudio yaleyale yaliyokuwa yakimshinda.